Mnaniuliza sana kuhusu Benjamin Zephaniah, haya leo nawajibu

Dada, eti huyu mshairi wa Uingereza alikuwa hajui kusoma? Mshairi gani sasa huyo?

Ni kweli. Kazaliwa Birmingham 1958, mama Mjamaika, baba wa Barbados, shule kaachana nayo na miaka 13 hajui kusoma wala kuandika, afu akapitia mpaka jela kwa kesi ya wizi. Kuja kugundulika ana disleksia ni ukubwani, kwenye darasa la watu wazima London, yaani kichwa kizima ila herufi ndo zinamsumbua. Sasa we unauliza mshairi gani, mi nakushangaa wewe, kwani bibi zetu wangapi wametunga nyimbo za harusi nzima na kalamu hawajawahi kushika? Jamaa alianza kughani kanisani akiwa mtoto, kitabu cha kwanza kinatoka 1980 mtaani washamjua kitambo.

Mwanangu ana miaka 9, nimuanzishie kipi?

Talking Turkeys, cha 1994. Ila msikisome kimya kimya jamani, mtaharibu, kile ni cha kusoma kwa sauti na mguu unapiga sakafu maana Kiingereza chake kaandika vile vile Wajamaika wanavyokiongea, "dis" ndo "this", "yu" ndo "you". Kuna shairi anawaombea bata mzinga wasichinjwe Krismasi, eti nao wanapenda raha na kila mmoja ana mama yake. Mwenyewe alikuwa hagusi nyama wala maziwa. Mtoto akigoma kula kuku jioni usije kunilaumu.

Na wa sekondari je?

Refugee Boy, riwaya yake ya 2001, hapo ntawachosha kidogo. Kijana anaitwa Alem, miaka 14, baba Muethiopia mama Mueritrea, vita imepamba moto. Mwanzoni kabisa wanajeshi wanavunja mlango Ethiopia, wanamwambia baba msaliti, ukifungua kurasa mbele wanajeshi wengine wanavunja mlango Eritrea maneno karibu yale yale, ila sasa msaliti ni mama. Nilirudi nyuma nikidhani nimesoma sehemu moja mara mbili! Baba anampeleka Uingereza kama wanaenda kutembea, wanalala hotelini, asubuhi dogo anaamka baba hayupo, kaacha barua. Wameamua abaki huko awe salama. Mzazi ukisoma ile asubuhi utafunga kitabu kwanza uvute pumzi.

Kukataa nishani ya Malkia si kiburi tu?

Mi sioni hivyo. Ile OBE ya 2003, kirefu chake Order of the British Empire, herufi ya mwisho ni ya "Empire", yaani himaya, na yeye alisema neno himaya linamkumbusha utumwa na ukatili waliofanyiwa mababu zake. Uivae kifuani uende nayo wapi?

Alikufa na nini?

Uvimbe kwenye ubongo, 7 Desemba 2023, wiki 8 tu tangu waugundue. Alikuwa na miaka 65.

Yule mhubiri wa rasta kwenye Peaky Blinders, ile tamthilia ya TV ya Uingereza, ndo yeye?

Ndo mwenyewe, Jeremiah Jesus. Na Birmingham, mji wa hadithi yenyewe, ni kwao kabisa, wala hakuigiza sana.