Ngozi iliyopigwa mionzi kuwaka upya

SWALI: Shikamoo Daktari. Mama yangu, ninayeishi naye hapa Tukuyu, alitibiwa saratani ya titi la kushoto mwaka juzi kwa upasuaji na mionzi, Dar es Salaam. Ugonjwa umerudi, na sasa ameanzishiwa dripu za dawa nyekundu. Siku chache baada ya dripu ya kwanza, ngozi ya kifua imeiva na inamchoma, lakini pale tu palipopigwa mionzi. Mpaka wake umenyooka kama uliochorwa kwa rula. Majirani wanasema mionzi ilibaki mwilini. Ni kweli?
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Marahaba. Mionzi ya mashine haibaki mwilini. Mashine ikizimwa, imekwisha. Kinachobaki ni athari yake. Mionzi hukata vinasaba vya seli za saratani na vya seli zenye afya zilizo jirani, ndiyo maana dozi hugawanywa kwa siku nyingi, ili seli zenye afya zipate muda wa kujikarabati. Ngozi ya mama ilipona kwa kuitazama, ila inadhaniwa kwamba seli zinazoizalisha na mishipa yake midogo ya damu hazikurudi zilivyokuwa. Dawa nyekundu, yaani doksorubisini, nayo hudhuru vinasaba. Ngozi nyingine huistahimili, lakini ile iliyokwisha kujeruhiwa huwaka upya, hata ikiwa imepita miaka. Jambo hili si geni: mwaka 1959 daktari D'Angio na wenzake, huko Marekani, walilieleza kwa dawa nyingine ya saratani, aktinomaisini D.

Mpigie simu daktari wake kabla ya dripu inayofuata. Anaweza kuiahirisha, kubadilisha dawa, au kumwandikia krimu ya steroidi. Ninyi msiikatishe tiba wenyewe. Baridi ya Tukuyu inawashawishi wengi kukanda kwa maji ya moto, na wapo wanaopaka dawa za kuchua: kwa ngozi hii, vyote viwili ni hatari. Aoge maji ya uvuguvugu, avae nguo laini ya pamba isiyobana.

Kwangu mimi, moyo unastahili kuangaliwa kuliko hata ngozi. Doksorubisini inaweza kudhoofisha misuli ya moyo, na mionzi ya titi la kushoto hupita karibu nao, hivyo mbili hizi zikikutana madhara huongezeka. Ulizeni kama amepimwa moyo kwa ultrasaundi. Akihema akipanda kilima alichokuwa akikipanda bila shida, akivimba miguu, au akipata homa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na awaeleze wahudumu kwamba yuko kwenye dripu za saratani.