Kidonda cha mshono baada ya kujifungua

Hongera dada kwa mtoto. Umeuliza kama ukae kwenye maji ya moto yenye dettol ili mshono wa chini ukauke. Hapana, tafadhali. Dettol inachoma ngozi mbichi, na maji ya moto yameshaunguza wazazi wengi wanaokandwa. Maji safi ya uvuguvugu yanatosha: nawa kila ukitoka chooni, ukianzia mbele kwenda nyuma, kisha kausha kwa kugusagusa na kitambaa safi, usisugue. Pedi badilisha kila baada ya saa 4 hivi, hata kama haijajaa.

Mkojo ukichoma, jimwagie maji kwa kopo huku unakojoa. Utaona nafuu hapohapo. Kunywa maji mengi, kula papai na mboga, choo kikija usikizuie. Nyuzi kwa kawaida huyeyuka zenyewe, usizivute.

Ila ukiona usaha, harufu mbaya, homa, mshono umeachia au maumivu yanazidi badala ya kupungua, nenda kituo cha afya leo leo. Damu ikilowesha pedi nzima ndani ya saa moja, usingoje hata kupambazuke.