Timu ya hospitali iamue kwa kura, au mkuu wa idara aamue peke yake? Jibu kwa mleta mada

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba umeteuliwa hivi karibuni kuongoza idara yenye madaktari, wauguzi, wafamasia na wahudumu wa wodi, na umeuliza mambo matatu: kama maamuzi ya idara yafanywe kwa kura au uyafanye mwenyewe, kwa nini vikao vyako vinakwisha kwa wote kukubali, kisha utekelezaji unakwama, na ufanye nini na daktari bingwa aliyekutangulia kazini ambaye hapendi kuhojiwa na walio chini yake. Wachangiaji waliotangulia wamegawanyika kati ya wanaotaka kura na wanaosema kwamba wodi haiendeshwi kwa uchaguzi. Mimi ni muuguzi, nimeongoza wodi kwa miaka mingi na baadaye nikawa mjumbe wa kamati ya ubora, na kwa niliyoyaona humo, nadhani suala la nani ana kauli ya mwisho ndilo jepesi zaidi. Zito ni hili: je, mwenye kauli ya mwisho, wakati anapoitoa, anafahamu kile ambacho mtu wa daraja la chini kabisa katika chumba hicho anakifahamu?

Kwamba kauli ya mwisho lazima iwe na mwenyewe, sina ubishi nalo. Moyo wa mgonjwa unaposimama hakuna muda wa kura. Lakini mwangalie kiongozi mzuri wa timu ya ufufuaji anavyofanya kazi. Anasimama miguuni pa kitanda, hashiki kifaa chochote, na anafikiri kwa sauti: adrenalini imeshatolewa, dakika mbili zimepita, tunaangalia mdundo wa moyo, sababu tulizokwisha kuziondoa ni hizi na hizi, je, kuna anayeona kitu ambacho sijakiona? Anayepewa agizo analirudia kabla ya kulitekeleza, na akimaliza anasema amemaliza. Amri iko kwa mtu mmoja na macho ni ya watu wote, na mambo hayo mawili hayagombani hata kidogo. Ninapenda kuanza na mfano huu kwa sababu wanaopinga ushirikishwaji huwa wanaukimbilia kama ushahidi wao, wakati ukweli ni kwamba hakuna mahali ambapo kiongozi huomba taarifa kutoka kwa walio chini yake mara nyingi kuliko hapo.

Jambo hilo linapokosekana, gharama yake inajulikana. Mwaka 2005 nchini Uingereza, mama mmoja alikwenda kufanyiwa upasuaji wa kawaida wa mianzi ya ndani ya pua. Baada ya kupewa dawa ya usingizi, njia yake ya hewa ilishindikana, mpira wa kupumulia haukuingia, na oksijeni ikashuka. Madaktari waliokuwapo walikuwa wazoefu, nao waliendelea kujaribu kuingiza mpira kwa njia ileile. Muuguzi mmoja alileta vifaa vya kutoboa koo na kuwaambia kwamba viko tayari. Mwingine alipiga simu kuomba kitanda katika chumba cha wagonjwa mahututi. Yaani wauguzi walikuwa wameshatambua jambo lililohitajika, lakini hawakupata namna ya kulisema ili lisikike, na mgonjwa yule alifariki siku kadhaa baadaye. Mumewe, ambaye alikuwa rubani, alitumia miaka iliyofuata kuwahimiza watu wa afya wajifunze kutoka kwa usafiri wa anga.

Sekta ya anga ilikuwa imeshaumia kwa namna hiyohiyo. Katika kisiwa cha Tenerife, Hispania, mwaka 1977, ndege mbili kubwa ziligongana kwenye njia ya kurukia na watu 583 wakapoteza maisha. Katika chumba cha marubani cha ndege iliyokuwa inaruka, mhandisi alikuwa ameuliza kama ile ndege nyingine imeshaondoka njiani, na nahodha akajibu kwa uhakika kwamba imeondoka. Mhandisi hakuuliza tena. Katika miaka iliyofuata, mafunzo ya marubani yalianza kuweka mkazo katika mambo mawili kwa pamoja: mdogo kuuliza mara ya pili, na mkubwa kulichukulia swali la pili kama sababu ya kusimama. Huku kwetu kwenye afya, mara nyingi tunafundisha nusu ya kwanza tu. Tunawaambia wauguzi wawe na ujasiri wa kusema, halafu hatumfundishi daktari nini cha kufanya anapoambiwa.

Sasa nije kwenye vikao vyako, kwa sababu hapo ndipo nilipojifunza zaidi. Katika kituo kimoja nilichowahi kufanyia kazi, dawa zilikuwa zikipungua kwenye toroli la dharura bila maelezo. Mkuu wa idara wa wakati huo aliitisha kikao, akaanza kwa kusema kwamba anapendekeza toroli lihamishiwe kwenye chumba chenye kufuli na ufunguo ukae kwa muuguzi kiongozi wa wodi, kisha akauliza kama kuna mwenye maoni tofauti. Mfamasia aliunga mkono, madaktari wawili wakaunga mkono, na wengine wakatikisa vichwa. Mimi nilikuwa naandika muhtasari, na niliandika kwamba kikao kimekubali kwa kauli moja. Tulipotoka, muuguzi wa zamu ya usiku aliniuliza kwenye korido, kwa sauti ya chini: muuguzi kiongozi anaondoka jioni, sasa usiku ufunguo utakuwa kwa nani?

Swali hilo lingeweza kuumaliza mpango mzima katika nusu dakika, na aliyekuwa nalo alikaa kikao kizima bila kufungua kinywa. Hakuwa mwoga wala mvivu. Mkuu alikuwa ameshasema analolitaka, watatu wenye vyeo wameshalipitisha, na mtu wa mwisho kwenye meza alibaki na njia mbili tu, kupinga au kunyamaza. Nililipeleka swali kwa mkuu siku hiyohiyo, naye, namsifu kwa hilo, aliwaita tena watu wa zamu ya usiku na kuwasikiliza kwanza. Mpango uliotoka ulikuwa wa toroli kubaki wodini palepale, likafungwa kwa lakiri ya plastiki yenye namba ambayo mtu yeyote anaweza kuikata wakati wa dharura, lakini ikikatwa inaonekana, na namba yake inakaguliwa na kuandikwa kila zamu inapokabidhiana. Wauguzi wa usiku ndio waliopendekeza. Walikuwa na wazo hilo tangu mwanzo.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ushauri wangu wa kwanza unahusu mpangilio wa kuzungumza zaidi kuliko kura. Ukiwa na pendekezo, lifiche. Eleza tatizo, eleza mipaka ya fedha na kanuni, kisha mwombe mtu wa daraja la chini kabisa aseme kwanza, upande ngazi hadi ufike kwako mwenyewe. Usiulize kama kuna swali, maana jibu la swali hilo kwa mkubwa ni hapana; uliza jambo lenye jibu, kwa mfano, mpango huu utakwama wapi saa nane za usiku siku ya mapumziko? Mwanasaikolojia wa Marekani aitwaye Gary Klein alipendekeza njia ninayoitumia hadi leo: kabla ya kupitisha uamuzi, waambie wajumbe wachukulie kwamba miezi sita imepita na mpango umeshindwa vibaya, kisha kila mmoja aandike kwenye karatasi sababu za kushindwa huko. Anayeandika sababu hajampinga mkubwa, amefanya kazi aliyopewa. Nimeona wahudumu wa usafi wakiandika mambo ambayo kamati nzima ya mabingwa haikuyafikiria, kwa sababu wao ndio wanaojua mlango upi haufunguki na toroli lipi haliwezi kupita.

Ukishasikia yote, amua, na useme wazi kwamba umeamua. Hapa ndipo wapenzi wa ushirikishwaji wanapokosea, wakizungusha jambo kikao baada ya kikao wakitafuta kila mtu aridhike. Muhtasari uonyeshe uamuzi ni upi, nani anaubeba, na utatazamwa upya lini. Na ambaye wazo lake halikuchukuliwa aelezwe sababu, kwa sababu asipoelezwa hataleta lingine.

Jitayarishe pia kwa jambo moja litakalokushtua. Utakapoanza kusikiliza, ripoti za makosa zitaongezeka. Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, alichunguza makosa ya utoaji dawa katika wodi za hospitali, akachapisha matokeo yake mwaka 1996. Alitarajia kwamba timu zenye uongozi mzuri zingekuwa na makosa machache. Akakuta kwamba ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi yaliyoripotiwa. Maelezo yaliyosimama ni kwamba katika timu hizo watu walikuwa huru kuyataja, na kwingine yalifichwa. Wakubwa wako wakikuuliza kwa nini idadi imepanda, uwe na jibu hilo tayari, la sivyo utajikuta unawaadhibu walewale waliokuamini.

Kuhusu daktari bingwa wako, nitasema kwa uzoefu kwamba kumkosoa mbele ya watu hakujawahi kusaidia, na kutegemea fomu peke yake hakusaidii pia. Ile orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ambayo timu huipitia pamoja kuhakikisha hakuna kilichosahaulika, ilijaribiwa katika hospitali 8 za nchi 8, ikiwamo ya Ifakara nchini Tanzania, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Lakini huko Ontario, Kanada, orodha za namna hiyo zilipofanywa za lazima, utafiti wa mwaka 2014 katika hospitali 101 haukuona upungufu wa vifo wa kutosha kuhesabiwa. Watafiti wanabishana juu ya sababu. Mimi nimeona kwa macho yangu karatasi ikiwekwa alama zote na mtu mmoja kabla timu haijaingia chumbani, na naamini kwamba ile sehemu ambayo watu wanasimama, wanatajana majina na kazi zao, na kila mmoja anasikia sauti yake mwenyewe kabla kisu hakijashikwa, ndiyo yenye nguvu.

Mfano wa Michigan, jimbo la Marekani, unafaa zaidi kwa hali yako. Huko, mradi ulioongozwa na daktari Peter Pronovost wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins ulipunguza sana maambukizi ya damu yanayotokana na mirija ya mishipa mikubwa, kwa hatua 5 ambazo kila daktari alikuwa akizijua tayari. Jambo jipya lilikuwa kwamba muuguzi alipewa mamlaka ya kumsimamisha daktari anayeruka hatua, na uongozi wa hospitali ulikuwa nyuma yake. Basi mwone bingwa wako faragha, mweleze kwamba mamlaka yake ya kuamua hayaguswi, na mwombe yeye ndiye awe wa kuuliza mwanzoni mwa kila upasuaji ni nani ana wasiwasi wowote. Kubalianeni sentensi moja ambayo yeyote akiitamka kazi inasimama kwa muda mfupi, na kubalianeni pia kwamba mtu akisimamisha kazi na ikaonekana hapakuwa na tatizo, atashukuriwa hadharani na bingwa mwenyewe. Akikataa, peleka utaratibu huo kwa mkurugenzi wa tiba, autie saini uwe wa chumba chote cha upasuaji, kabla hujamwambia muuguzi yeyote kwamba anaruhusiwa kusema. Ukimruhusu kabla hujapata saini hiyo, siku atakapokaripiwa hutakuwa na cha kumkingia.