Kinanda Kisichokumbuka

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: “Ni chombo gani cha zamani ambacho umekipenda maisha yako yote, na je, nakala yake ya kisasa imetosha kuchukua nafasi yake?” Chombo changu ni sinthesaiza ya analogi, yaani kinanda ambacho sauti yake haitoki kwenye nyuzi, ngozi wala pumzi ya mtu, bali kwenye mkondo wa umeme unaopindwapindwa na vipande vidogo vya umeme viitwavyo transista na kapasita hadi uwe muziki. Sehemu ya pili ya swali nitaijibu mapema: kwa upande wa sauti, programu za kompyuta zinazoiga vinanda hivyo zimetosha, na anayebisha ningemwomba afumbe macho kisha atofautishe. Kilichopotea ni kitu kingine kabisa, na nitajaribu kuonyesha kwamba hakikupotezwa na programu.

Nilikuwa mtoto niliposikia redioni sauti nene iliyopanda kutoka noti ya chini hadi ya juu kwa kuteleza, bila kukanyaga noti za katikati. Wakubwa waliokuwepo walibishana. Mmoja akasema ni gitaa lililopitishwa kwenye mtambo fulani, mwingine akashikilia kuwa ni filimbi. Miaka kadhaa baadaye niliona gazetini picha ya sinthesaiza iitwayo Minimoog pamoja na maelezo ya namna inavyofanya kazi, nikaelewa kwamba niliyokuwa nikiitafuta ilikuwa hiyo, au ndugu yake wa karibu.

Mbunifu wake, mhandisi Mmarekani Robert Moog, alikuwa ameanza mwaka 1964 na sinthesaiza za makabati, ambazo mpigaji aliunganisha sehemu moja na nyingine kwa nyaya nyingi, kama mhudumu wa ubao wa simu wa zamani. Mwanamuziki Wendy Carlos alizitumia kurekodi kazi za mtunzi wa kale Bach mwaka 1968, mstari mmoja mmoja wa muziki, kisha mistari ikapandishwa juu ya mingine katika utepe. Minimoog, iliyotoka mwaka 1970, iliyakusanya hayo ndani ya sanduku moja linalobebeka: vibonye 44, osileta tatu za kuzaa mawimbi ya sauti, na kichujio kimoja, nyaya zikiwa zimekwisha kuunganishwa kwa ndani. Kichujio hicho ndicho roho ya ala. Transista zake zimepangwa jozi juu ya jozi kama vipago vya ngazi, na kati yake kuna kapasita. Kila kipago hupunguza sauti za juu kwa desibeli 6 kwa kila oktavu, na vipago vinne hufikisha 24. Ukikisukumia sauti kubwa kuliko kinavyoweza kubeba, hakiharibiki kwa ghafla bali hulemewa polepole, na kule kulemewa ndiko masikio yetu yanakokuita utamu.

Kinanda nilichokuja kukipata mimi kilikuwa cha ukoo huo, cha noti moja kwa wakati, nacho kilikuwa kimepita mikononi mwa watu wengi kabla yangu. Nilijifunza kukiwasha nusu saa kabla ya kupiga. Katika ala nyingi za aina hii, volti moja inapoongezeka noti hupanda oktavu moja, na kazi ya kuigeuza volti kuwa noti hufanywa na jozi ya transista ambazo tabia yake hubadilika kila joto linapobadilika. Kwa hiyo kinanda kilichotoka kuwashwa huhama taratibu kutoka kwenye noti yake, na mwanamuziki asiye na subira huhama nacho.

Hata hivyo, hali iliyonifunza zaidi ilikuwa nyingine: kinanda kile hakikukumbuka chochote. Sauti haikuwa imehifadhiwa mahali popote isipokuwa katika mkao wa vitufe vya kuzungusha vilivyokuwa mbele yangu, na mtoto akipita akavigusa, kazi ya usiku mzima imekwenda. Nilinunua daftari, nikachora paneli nzima katika kila ukurasa, na kila nilipopata sauti ya kupendeza nilitia mshale kuonyesha kila kitufe kilielekea wapi. Sikubuni jambo jipya. Hata watengenezaji walikuwa wakitoa karatasi zenye michoro mitupu ya paneli kwa kazi hiyo hiyo. Lakini mshale wa kalamu una unene, na kitufe hakijali unene wa kalamu, kwa hiyo sauti niliyoirudia keshoye ilikuwa binamu ya ile ya jana, na mara nyingine binamu alikuwa bora kuliko aliyetangulia.

Sasa nifike mwaka 1978. Mwaka huo Dave Smith na kampuni yake ya Sequential Circuits walitoa Prophet-5, sinthesaiza ya analogi iliyoweza kupiga noti tano kwa pamoja, na ndani yake waliweka mikroprosesa, yaani kompyuta ndogo ya chipu moja, iliyosoma mkao wa kila kitufe na kuutunza. Sauti 40 zilihifadhiwa, na mpigaji aliziita kwa kubonyeza. Kwa mwanamuziki aliyesimama jukwaani huku ana sekunde chache kati ya wimbo na wimbo, huo ulikuwa ukombozi, na siwezi kumlaumu mtu aliyeupokea kwa mikono miwili. Lakini tangu siku hiyo mpigaji alipewa njia ya kuwa mchaguzi badala ya mtengenezaji. Ninaposikia wenzangu wakisema kwamba programu zimewafanya wavivu kwa sababu zinakuja na maelfu ya sauti zilizokwisha kutengenezwa, huwakumbusha kwamba uvivu huo ulizaliwa ndani ya kinanda cha analogi halisi ambacho leo wanakililia. Mpaka ninaoujali mimi haupiti kati ya analogi na dijitali. Unapita kati ya kinanda kinachosahau na kinachokumbuka.

Kuporomoka kwa ala hizi kulikuja haraka. Mwaka 1983 Yamaha ilitoa DX7, kinanda cha dijitali kilichozaa sauti kwa hesabu alizozigundua John Chowning katika Chuo Kikuu cha Stanford, na vinanda vya analogi vikageuka kuwa mizigo ya kuuzwa kwa bei ya kutupa.

Programu zilianza kuja kwa kasi katika miaka ya tisini, na za mwanzo, niseme wazi, zilinikera. Sababu yake ni ya kihesabu. Sauti ya kidijitali inayochukuliwa mara 44,100 kwa sekunde haiwezi kubeba kitu chochote kilicho juu ya hezi 22,050, yaani mitetemo 22,050 kwa sekunde, lakini wimbi lenye umbo la meno ya msumeno, ambalo ndilo chakula kikuu cha sinthesaiza, lina hamoniki zisizo na mwisho, yaani sauti za juu zinazoifuata noti kwa mara mbili, mara tatu na kuendelea ya mitetemo yake. Hamoniki zinazovuka mpaka huo hazipotei, bali hukunjwa na kurudi chini mahali pasipo pake. Chukua noti ya hezi 2,500: hamoniki yake ya kumi na tano ni 37,500, na katika programu isiyo na uangalifu itarudi kama hezi 6,600, ambayo haina undugu wowote na noti iliyopigwa. Sikio haliwezi kulieleza kosa hilo, lakini hulisikia kama mchanga ndani ya wali.

Kichujio kilikuwa kigumu zaidi. Katika saketi, sehemu ya sauti iliyokwisha kuchujwa hurudishwa mwanzoni papo hapo na kuchujwa tena, ilhali kompyuta huhesabu hatua baada ya hatua, kwa hiyo ili ijue jibu la sasa inahitaji kuwa tayari inalo. Waandishi wa programu za mwanzo walikwepa kwa kutumia jibu la hatua iliyopita. Kuchelewa huko ni kudogo sana, lakini kunatosha kukipotosha kichujio kinapofunguliwa juu, hasa kinapokaribia kupiga mluzi chenyewe. Pia kulikuwa na ile tabia ya transista kulemewa, ambayo mtafiti Antti Huovilainen aliiwekea hesabu yake katika andiko la mwaka 2004 kuhusu kichujio cha Moog. Baadaye zikaja programu zinazotatua mlinganyo mzima wa kichujio katika kila hatua. Diva, programu ya kampuni ya u-he iliyotoka mwaka 2011, ndiyo iliyonivunja mimi ubishi. Ilizilemea kompyuta za wakati ule kiasi cha kuzifanya zikwamekwame, lakini kichujio chake kililemewa namna kichujio kinavyopaswa kulemewa.

Kuna jambo ninalolipenda katika kazi ya waandishi hao. Wahandisi wa miaka ya sabini walikesha wakipambana na osileta zinazohama kwenye noti. Matoleo mawili ya kwanza ya Prophet-5 yalijulikana kwa ukaidi huo, na la tatu likabadilishiwa chipu ili litulie. Waandishi wa programu nao wamekesha wakitafuta namna ya kuurudisha ukaidi ule ule, kwa kuwa noti tano zilizolingana kabisa husikika kama maiti tano. Hata Sequential walipoitoa Prophet-5 upya mwaka 2020, ikiwa ya analogi kweli, waliiwekea kitufe ambacho ukikizungusha ala hupoteza utulivu wake kidogo kidogo hadi ifanane na toleo la kwanza.

Nikirudi kwenye matumizi yangu mwenyewe, nina sharti moja: programu ninaifungua ikiwa tupu, osileta moja ikilia bila pambo, na orodha ya sauti zilizotengenezwa tayari siigusi. Nilipofanya hivyo kwa mara ya kwanza na programu inayoiga kinanda changu kile kile, nililifungua daftari, nikachagua ukurasa niupendao na kuinakili mishale yote. Sauti iliyotoka ilikuwa safi mno, kavu, haina ule uzito. Kwa wiki mbili niliilaumu programu mbele ya kila aliyenisikiliza. Kisha fundi alikifungua kinanda changu ili kubadilisha kapasita zilizokauka, akakuta kwamba kirekebisho cha ndani cha kichujio kilikuwa kimehama zamani sana, huenda kabla sijakinunua, na osileta mojawapo ilikuwa ikitoa nusu ya nguvu yake. Alivirekebisha kwa kipimo. Niliporudi nacho mezani na kurudia mishale ile ile, kinanda na programu vikalia sawasawa, na vyote viwili vikawa vigeni kwangu.

Daftari langu lote, kumbe, lilieleza kinanda kigonjwa ambacho sasa hakipo tena popote. Tangu hapo nimekuwa nikihamisha vitufe vya programu jioni baada ya jioni, nikiutafuta ugonjwa ule kwa masikio. Ukurasa wa tisa nimekwisha kuukaribia. Nikiupata sitaihifadhi sauti hiyo ndani ya kompyuta. Nitatia mishale mipya juu ya ile ya zamani, kwa kalamu ya rangi nyingine.