Umeibwa wewe au simu?

Ninyi mnaoanza kazi kwenye viwanda vya minofu ya sangara hapa Mwanza, karibuni. Kushika kisu mtaonyeshwa siku ya kwanza. Kiingereza cha ripoti za zamu hakuna atakayewaonyesha, na ndicho kitakachowatoa jasho.

Wiki yangu ya kwanza niliibiwa simu kwenye daladala, natokea Igoma. Nikamwandikia msimamizi kuomba ruhusa ya kwenda polisi: "I was stolen my phone." Alicheka mpaka akavua kofia. Kumbe nilikuwa nimesema nimeibwa mimi, kama mbuzi wa mtu.

Kiswahili changu ndicho kilichoniponza. Sisi tunatenganisha: simu iliibwa, mimi nikaibiwa. Kutendwa na kutendewa, shuleni tulikariri zote mbili. Kiingereza hakina mnyambuliko wa kutendewa, kwa hiyo kilichochukuliwa ndicho kinachotangulia: "My phone was stolen." Ukiwa na hamu ya kuanza na nafsi yako, zunguka kidogo: "I had my phone stolen." Kufiwa ni vivyo hivyo. Usithubutu "I was died my father". Andika tu "My father died", pole utapewa. Na "The problem was happened" nimeiona kwenye ripoti za watu wenye digrii zao. Kitenzi hicho hakina kutendwa kabisa.

Kwa hiyo -iwa au -ewa ikikujia kichwani, simama kwanza. Hiyo ni kengele tu, si sheria, maana "nilipewa" inakwenda vizuri, "I was given", na "niliambiwa" ni "I was told".

Jingine ni dogo ila linasumbua. Kwetu herufi moja, w, inatosha: alipima, alipimwa. Wao wanataka maneno mawili au zaidi, na la kwanza ndilo linalobeba wakati: "is weighed", "was weighed", "has been weighed". Ukiandika "The fish weighed at six", sangara amejipima mwenyewe.

Sasa, lini umfiche mtendaji? Kwenye rekodi za ubaridi, mfiche bila wasiwasi. Wazee wa kazi bado wanaukumbuka mwaka 1999, Ulaya ilipozuia samaki wa ziwa hili kwa hofu ya sumu. Mkaguzi anasoma kujua minofu ilikaa wapi: "The fillets were kept on ice." Jina lako halimhusu.

Kwenye ripoti ya kosa ni habari nyingine. Usiku mmoja mlango wa chumba cha baridi ulibaki wazi. Zamu yetu tulikuwa watatu, na wote watatu, bila hata kupatana, tuliandika "The door was left open". Sarufi safi kabisa! Mlango ukawa yatima. Asubuhi karatasi yangu ilirudi na neno moja la wino mwekundu pembeni: "Who?"

Nikakaa nayo kantini mpaka chai ikapoa. Halafu nikaandika upya, "I left the door open at 2 a.m.", maana saa nane ya usiku ya kwetu ni mbili yao, nikampelekea msimamizi mimi mwenyewe, mkononi.