Ringi za Aloi za Pikipiki: Rangi ya Poda au ya Kupuliza?

Swali: Ringi za aloi za pikipiki yangu zimebabuka na kuota unga mweupe kwa sababu ya hewa ya chumvi hapa Tanga. Fundi wa madirisha ya aluminiamu yuko tayari kuzipaka rangi ya poda na kuzichoma kwenye tanuri lake. Je, ni salama?

Jibu: Ndugu msomaji, rangi ya poda hustahimili kokoto kuliko rangi nyingi za kupuliza, ila mashaka yangu yako kwenye tanuri. Poda nyingi huiva kwa nyuzi joto 180 hadi 200 za Selsiasi, kwa dakika 10 hadi 20 zinazohesabiwa tangu ringi yenyewe ifikie joto hilo, si tangu mlango ufungwe. Ringi nyingi za aloi huimarishwa kiwandani kwa joto la chini ya hapo, hivyo zikichomwa kupita kiasi au kurudiwa mara kwa mara hulainika bila kuonyesha dalili yoyote kwa nje. Fundi wa madirisha hajazoea kuhofia jambo hilo, kwani fremu ya dirisha haibebi abiria. Mwulize anavyopima joto la ringi. Akikisia, chagua rangi ya kupuliza.

Kabla ya kupaka, ondoa tairi, valvu, diski ya breki, beringi, sili na mipira ya sproketi, kisha usafishe grisi yote, kwani inayobaki huyeyuka tanurini na kuharibu rangi. Usitumie magadi makali ya kuzibulia mabomba, maana hula aluminiamu, wala usiruhusu ringi ipigwe mchanga wa kawaida, ambao vumbi lake huharibu mapafu. Rangi ya zamani ikishatoka, kagua kwa tochi pale mikono ya ringi inapoungana na kitovu, pamoja na ukingo wote. Yenye ufa haipakwi wala haichomelewi, inatupwa. Ukiupaka rangi, ufa huo hutauona tena.

Ziba makazi ya beringi, hesi, uso unaokaliwa na diski na, kama gurudumu la nyuma ni la ngoma, sehemu ya ndani inayosuguliwa na viatu vya breki. Tabaka la poda, ambalo kwa kawaida lina unene wa mikroni 60 hadi 100 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), linatosha kuzuia beringi isiingie, na likibaki chini ya diski hubonyea polepole hadi bolti zikalegea.

Ukichagua kupuliza, anza na praima ya epoksi inayofaa aluminiamu. Rangi nyingi zinazochanganywa na hadina (dawa ya kugandisha rangi) zina isosayaneti, kemikali inayoweza kusababisha pumu ya kudumu, na barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Kazi hiyo mwachie fundi mwenye barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba.

Wakati wa kuunganisha, weka beringi na sili mpya, kaza bolti za diski kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki, na uzikague tena baada ya safari chache za kwanza.