Kabla hamjanunua rangi, ukuta huo ni wa nani?

Simamisheni ununuzi wa rangi. Umeandika kwamba kamati ya jiji lenu imepewa fedha za kuanzisha sanaa za umma mitaani, kwamba mmekwisha kupata ukuta mrefu karibu na stendi ya teksi, kwamba diwani na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji au mtaa, wameukubali kwa mdomo, na kwamba rangi itanunuliwa wiki ijayo. Kisha umeuliza mambo manne: wasanii wachaguliwe vipi, muanze na michoro ya ukutani au sanamu, wananchi washirikishwe namna gani, na uzinduzi uwe mwezi gani. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili, na mara zote mbili jicho langu limekwama kwenye maneno hayo mawili, "kwa mdomo". Hapo ndipo sisi tulipoangukia, na sitaki kuwaona mkianguka mahali pale pale.

Tarehe 1 Julai 2020, hapa Uganda, Arua, Gulu, Jinja, Mbarara, Fort Portal, Masaka na Mbale zilipopandishwa hadhi kuwa majiji, hamu ya kuipamba mitaa ilienea hata katika miji ambayo haikuwa kwenye orodha ile. Kwetu iliundwa kamati ya watu tisa, nami nikachaguliwa kuwa katibu. Tulikuwa na shilingi milioni 38, nusu kutoka kwa wafadhili na nusu kutokana na michango ya wafanyabiashara wa soko, na tulikuwa na ukuta wa mita 60 hivi uliokuwa kati ya soko na barabara kuu. Kila aliyeingia mjini kwa basi aliuona. Tuliuona kama zawadi.

Nataka uelewe kwamba hatukuwa watu wazembe, kwa sababu ninyi pia hamwonekani kuwa wazembe, na ndiyo maana naogopa. Tuliupima unyevu unaopanda kutoka ardhini na kukuta kwamba sehemu ya chini ilihitaji kubanduliwa na kupigwa lipu upya. Baada ya lipu tulisubiri siku 28 kamili, kwa kuwa chokaa iliyomo ndani ya saruji mbichi huila rangi, hasa ya mafuta, ikaanza kubanduka kama ngozi ya muhogo. Tulikataa rangi nyekundu na njano za bei rahisi ambazo jua letu la ikweta huzififisha haraka, tukachagua zile zenye asili ya udongo, ambazo hudumu zaidi. Tuliiepuka mvua ya Machi hadi Mei. Fundi mmoja mzee alituambia kwamba hajawahi kuona ukuta ulioandaliwa kwa heshima kiasi hicho.

Wananchi nao tuliwashirikisha kwa moyo wote. Akina mama wa soko walikaa nasi Jumamosi tano mfululizo, wakakubaliana kwamba katikati ya ukuta awekwe mama mmoja, sasa ni marehemu, aliyekuwa wa kwanza kuuza mihogo chini ya mvule uliokuwapo pale kabla soko halijajengwa. Binti yake alituletea picha ya pekee aliyokuwa nayo, imefungwa ndani ya kanga. Vijana wa bodaboda walijitolea kulinda rangi usiku. Watoto wa shule walipewa sehemu ya chini, mita moja kutoka ardhini, waipake majani na samaki. Na kabla mtu hajauliza kama fedha ziliishia mifukoni mwetu: risiti zote zipo, hata ile ya soda na maandazi ya wale watoto arobaini, waliokula kuliko kikosi kizima cha wajenzi na kupaka rangi kwa unadhifu kuliko kikosi hicho.

Kazi ilichukua wiki sita. Meya alizindua, ngoma zikapigwa, bibi harusi na bwana harusi wakaanza kuja kupigia picha pale kila Jumamosi. Mwezi wa nne baada ya uzinduzi, nikipita asubuhi kuelekea kazini, nilikuta alama za X nyekundu zimepigwa juu ya mchoro, kila mita kumi alama moja, na mojawapo ilikuwa imepita katikati ya uso wa yule mama wa mihogo. Mpima ardhi alikuwa bado yupo na wasaidizi wake wawili. Alikuwa kijana mpole, akanionyesha ramani kwa subira: theluthi mbili za ukuta zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, yaani ardhi ya kando iliyotengwa kwa ajili ya barabara, na barabara ilikuwa inapanuliwa. Theluthi iliyobaki ilikuwa kwenye kiwanja cha mtu binafsi mwenye hati ya kukodi, ambaye ndiye aliyeujenga ukuta wote miaka mingi iliyopita, anaishi nje ya mji, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwandikia barua. Alipopigiwa simu alisema, bila ugomvi wowote, kwamba sehemu yake angeibomoa pia ili ajenge maduka. Trekta lilifanya kazi hiyo kwa asubuhi mbili.

Sasa niseme kuhusu waliotupoteza. Tulikuwa na mshauri aliyekuja kutoka Kampala, tuliyemlipa shilingi milioni sita, ambaye niliposhika kalamu katika mkutano wa pili na kuuliza habari za hati ya ukuta, aliniambia mbele ya kamati nzima kwamba karatasi hufuata baadaye, na kwamba ukuta ukipendwa na watu hakuna atakayethubutu kuugusa. Niliona haya nikanyamaza. Hasira niliyo nayo kwake haijapoa, kwa kuwa alikuwa na uzoefu wa kujua na alilipwa ili ajue. Halafu kulikuwa na afisa mmoja wa mji aliyetuandikia barua ya mistari minne, yenye muhuri mkubwa, ikisema kwamba "ukuta ulio kando ya soko" unaruhusiwa kupakwa. Barua ile haikuwa na namba ya kiwanja, haikuwa na jina la mmiliki, haikuwa na idadi ya miaka. Muhuri ulitutosha. Afisa huyo alipoulizwa baada ya ubomoaji alisema kwamba yeye aliruhusu kupaka, hakuahidi kwamba ukuta utabaki, na kwa mujibu wa maneno ya barua yake alikuwa anasema kweli.

Kilichouma kuliko shilingi milioni 38 kilikuwa mkutano wa mwaka uliofuata. Tuliwaalika akina mama wa soko kwa mradi mwingine, wakaja watatu. Mmoja wao alisimama akasema kwamba safari ya kwanza waliutoa uso wa mwenzao ukapigwa X barabarani, na kwamba wameona bora wanyamaze. Nani angembishia?

Msidhani kwamba nchi zilizotutangulia katika mambo haya hazijalia kilio hiki. Kule Queens, New York, wachoraji walipaka kwa miaka mingi majengo yaliyojulikana kama 5Pointz, kwa ruhusa ya mwenye majengo, hadi mwaka wa 2013 alipoyapaka yote rangi nyeupe usiku kabla ya kuyabomoa. Wachoraji 21 walishinda kesi, na mwaka wa 2018 jaji akaamuru walipwe dola milioni 6.7, kwa sababu Marekani ina sheria ya mwaka 1990 inayompa mchoraji haki ya kuarifiwa siku 90 kabla, pale kazi yake inapoweza kuondolewa bila kuharibiwa. Michoro yenyewe haikurudi. Katika jiji hilo hilo sanamu ya chuma ya Richard Serra, Tilted Arc, iliyowekwa mwaka wa 1981 katika uwanja wa serikali, ilikatwa vipande na kuondolewa mwaka wa 1989, na mahakama hazikumsaidia, kwa kuwa sanamu ilikuwa mali ya serikali iliyoinunua. Sisi Uganda tunayo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006, inayompa msanii haki ya kutajwa jina na kupinga kazi yake isipotoshwe, lakini haimpi ukuta. Kwetu, ulinzi ambao kamati inaweza kuutegemea ni ule iliouandika yenyewe na kusainiwa na mwenye mali.

Kwa hiyo, kabla ya kitu kingine chochote, mtafuteni mwenye ukuta. Katiba ya mwaka 1995, kifungu cha 237, inatambua namna nne za kumiliki ardhi: ya kimila, umiliki kamili, mailo (ya kudumu, mara nyingi yenye wakaaji wengine juu yake) na ya kukodi, na kila moja ina mtu wake wa kusaini. Kama mko kwenye ardhi ya mailo, aliyejenga ukuta anaweza kuwa mwenye kibanja, yaani mkaaji mwenye haki ya kutumia kipande hicho, huku ardhi ikiwa ya mtu mwingine kabisa, na mtahitaji saini za wote wawili. Kama ni ardhi ya kimila, saini ya kaka mkubwa peke yake haitoshi. Ketini na ukoo na muwe na mashahidi. Kama ina hati, nendeni ofisi ya ardhi ya kanda na namba ya kiwanja, mwombe upekuzi wa daftari, msome jina lililoandikwa humo, si jina ambalo mwenyekiti wa LC1 analikumbuka. Huyo mwenyekiti ni shahidi mzuri sana wa nani anaishi wapi, lakini hana mamlaka ya kutoa mali ya mtu.

Halafu muulizeni mhandisi wa jiji kama barabara iliyo mbele ya ukuta ni ya jiji au ni ya kitaifa. Zile za kitaifa ziko chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, na jiji haliwezi kuwaahidi chochote juu ya hifadhi yake. Mtakeni mpima ardhi atoke ofisini, asimame na ninyi chini ya ukuta, apige kamba, awaonyeshe hifadhi inaishia wapi. Sisi tungemlipa kwa kazi ya nusu siku.

Karatasi mtakayosaini iseme ukuta upi, kwa namba ya kiwanja na kwa vipimo. Mmiliki ni nani. Mchoro utakaa miaka mingapi. Akiuza, mnunuzi atafungwa na makubaliano au la. Akitaka kuubomoa, atawaarifu siku ngapi mapema ili mpige picha na muage. Na nani atagharimia kuosha na kupaka upya palipoharibika. Kwenye bajeti, wekeni fedha za matunzo kabla ya fedha za ngoma na mahema. Mwenye mali akikataa kuandika miaka, mshukuruni na muondoke, hata kama ukuta wake ndio mzuri kuliko zote mjini.

Uliuliza mchoro au sanamu. Sanamu ya Uhuru ya Gregory Maloba imesimama Kampala tangu mwaka wa 1962, na nikiitazama siku hizi jambo la kwanza ninaloliwaza, kabla ya yule mtoto aliyeinuliwa mikono juu, ni ardhi iliyo chini yake. Kwa hiyo hata hapo nitawarudisha kwenye swali la mahali. Ila kama mwenye ukuta atawapa miaka miwili au mitatu tu, ipo njia: Philadelphia, ambako mradi wa michoro ya mitaani ulianza mwaka wa 1984, kazi nyingi hupakwa kwanza kwenye kitambaa chembamba ndani ya ukumbi, kisha kikabandikwa ukutani. Sisi sasa tunapaka kwenye mbao za plaiwudi zilizozibwa kingo zote dhidi ya maji, zikafungwa kwa skrubu. X nyekundu ikitokea, fundi mmoja na bisibisi wanatosha.

Yule mama wa mihogo yuko hapo tena. Ilituchukua miaka miwili kuwarudia wenzake kwa unyenyekevu na kuomba picha ile kwa mara ya pili, na binti yake hakuitoa mpaka alipoisoma karatasi mwenyewe, ukurasa kwa ukurasa, akauliza maana ya kila kipengele. Ni ukuta wa ndani ya soko, mfupi kuliko ule wa kwanza, hauonekani kutoka barabarani, na tuna miaka kumi juu yake kwa maandishi.

Ukuta wenu wa stendi, namba ya kiwanja chake ni ipi? Niandikie ukishaipata, hata kama ni usiku.